Lenacapavir sio chanjo, na hatujafanywa panya

Hapana ndugu yangu, hiyo lenacapavir unayosema ni chanjo ya ukimwi wazungu wanaijaribisha kwetu sio chanjo, ni dawa ya kinga, unachomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja kila miezi sita, na siku mbili za mwanzo unameza na vidonge. Kwenye jaribio la Afrika Kusini na Uganda wasichana 2,134 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyepata virusi, 2024 hiyo! Vidonge vya kinga vya kumeza kila siku tulikuwa navyo zamani tu, ila binti anayeishi na wakwe atakificha wapi kile kikopo, ukitikisa mkoba tu kinalia, na akionwa nacho anaambiwa malaya au ana ngoma.

Kinachoniuma mimi ni bei. Marekani imeidhinishwa Juni 2025 kwa dola zaidi ya 28,000 kwa mwaka, halafu viwanda vya India vimekubali kuuza za kwao dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, sasa hapo katikati wale mabinti wa Uganda wasubiri nini jamani? Hapo ndo tupige kelele.