Kamba ya nguo inapiga shoti mvua ikinyesha tu

SWALI: Fundi, salamu. Tunapanga mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga, huku Walukuba, Jinja, Uganda. Kamba yetu ya kuanika ni waya wa chuma, upande mmoja imefungwa kwa mwembe, upande mwingine kwa msumari kwenye mbao chini ya mabati. Jua likiwaka hakuna shida, lakini mvua ikinyesha ukikimbia kutoa nguo unapigwa shoti mpaka mkono unakufa ganzi. Landilodi anasema mbao haipitishi umeme, tunaota. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu mpangaji, hamuoti, tena mna bahati mko hai.

Landilodi yuko sawa nusu. Kwenye shaba kila atomu imeachia kama elektroni moja (kale kachembe kanakobeba umeme) inayozurura ndani haina mwenyewe, ukiweka volti kidogo tu zote zinasukumwa. Na hazikimbii vile watu wanafikiri, kwa waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 uliobeba ampia 10 elektroni inasogea chini ya nusu milimita kwa sekunde, na kwa vile umeme wa nyumbani unaenda na kurudi mara 50 kila sekunde basi inatikisika tu palepale, kinachoenda mbio ni ule msukumo wenyewe. Kwa plastiki, raba, glasi na mbao KAVU, elektroni zimeshikwa na atomu zao na volti 240 haziwezi kuzing'oa.

Sasa mvua. Maji safi kabisa hayapitishi umeme wa maana, lakini yakishateremka kwenye mabati yamebeba vumbi, kutu, mavi ya ndege, chumvi zinayeyuka zinakuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, na hizo ioni ndo zinabeba umeme. Mbao ikilowa maji hayo inakuwa njia. Nguo zako nazo zina mabaki ya sabuni, usisahau.

Na mwili wako pia unabadilika. Ngozi kavu inazuia umeme, ukinzani wake unaweza kufika omu 100,000, gawa volti 240 kwa hiyo unapata miliampia 2.4, unatekenywa tu. Ikilowa inashuka mpaka kama 1,000, hapo ni miliampia 240, zinazotosha kuvuruga moyo kabisa. Kwa hivyo msidhani jua likiwaka umeme umetoka kwenye ile kamba, pengine upo sikuzote ila slipa kavu na udongo mkavu vinawakinga.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Mimi ningeanza pale waya unapopita kwenye mabati, ukingo wa bati ni mkali, upepo ukitikisa unakula ile plastiki polepole mpaka shaba inagusa bati. Zimeni meni swichi leo, msiguse kamba wala bati, fundi aje na testa. Kubadilisha kamba muweke ya nailoni hakutoshi kwa sababu bati litabaki na umeme. Mwambieni landilodi aweke ethi ya kweli, ile rodi iliyopigwa chini ardhini, na ile breka yenye kakitufe ka kujaribia inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Akilalamika bei, mwambieni ashike kamba mvua ikinyesha.

SWALI: Zile laini kubwa kutoka bwawa la Nalubaale mbona waya ziko uchi, hazina raba?

JIBU: Hewa ndo raba yake. Hewa kavu inavumilia kama volti 3,000 kwa kila milimita, kwa hivyo ukiziweka mbali vya kutosha huhitaji plastiki, ambayo ingeongeza uzito na gharama bure. Waya zenyewe ni alumini iliyosokotwa juu ya chuma, alumini inapitisha umeme vizuri na ni nyepesi kuliko shaba, chuma kinashikilia uzito. Pale zinaponing'inia kwa mnara kuna vile visahani vya glasi au kauri vilivyopangwa kama miavuli, na umbo hilo si urembo, mvua inalowesha juu lakini chini ya kila kisahani kunabaki pakavu, maji hayapati mfereji mmoja wa kutoka kwa waya mpaka kwa chuma cha mnara.