Kiti cha mtoto kwenye 4x4 ya zamani

Habari ndugu. Umesema 4x4 yako ya zamani haina ISOFIX (vile vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto bila mkanda), na hujui umnunulie mtoto wa miaka miwili kiti gani.

Kabla ya kwenda dukani, kagua mikanda ya nyuma. Ivute yote: imechanika? Inajirudisha? Ukiivuta ghafla inakamata? Kama ni ya pointi tatu (inayopita kiunoni na begani) na ni mizima, tafuta kiti kinachofungwa kwa mkanda, na kijaribu garini kabla ya kulipa. Mimi kilichonisumbua ni kifungio kirefu cha mkanda kugongana na fremu ya kiti cha mtoto. Ukishakaza, kitikise pale mkanda unapopita. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Vile viti vya nyuma kabisa vinavyotazamana, tafadhali, usimweke mtoto hapo hata kwa safari fupi.