Acheni kupika chati, wadogo zangu

Jamani wadogo zangu wa uuguzi na ukunga, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, leo tuongee. Nimepitia chati zenu wodini na nimechoka kunyamaza. Wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika. Mwenye nimonia 20, aliyefanyiwa upasuaji jana 20, bibi aliyelala fofofo 20, na kuna mmoja ambaye kwa muda ulioandikwa alikuwa iksirei, kitandani kuna shuka tu, naye kaandikiwa 20. Joto wote 36.8.

Najua inavyokuwa. Wanafunzi wengi, kipimajoto kimoja, sista inchaji anataka chati kabla ya raundi ya madaktari, mchana kuna kipindi na asaimenti hujaigusa. Nimepita hapo hapo. Ila hii tabia inaanza na pumzi inaishia kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, na ukishaizoea hata ukipata leseni unaenda nayo. Kwa hiyo nawaandikia, someni kabla ya shifti.

1. Pumzi hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 halafu ukazidisha mara nne, ukikosea moja umekosea nne. Na usimtangazie mgonjwa kwamba unahesabu anavyopumua, akijua tu anaanza kupumua kwa mpangilio. Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo, ukimaliza usiachie, hamisha macho kifuani. Tafuta saa yenye mshale wa sekunde, simu iache kwenye begi.

2. Presha ya mama mjamzito hairaundiwi. Nimemuona mwanafunzi kapata 142/92, akaangalia huku na huku, akaandika 130/80 kwa sababu eti "haijapanda sana". Mdogo wangu, 140/90 ndio mstari wenyewe! Hapo ulitakiwa umpumzishe mama, urudie, upime protini kwenye mkojo, uulize kama kichwa kinamuuma, kama anaona maluweluwe, kama anaumwa juu ya tumbo. Ukishaandika 130/80 hakuna atakayeuliza hayo maswali, mama anarudi nyumbani na chati nzuri. Na ikifika 160/110 usimalizie mstari wa wagonjwa, nenda kaite mtu sasa hivi. Kafu, ule mkanda wa mashine ya presha, iendane na mkono, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee wakati unapima.

3. Hii ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya usiku, leba. Kulikuwa na mama kajifungua jioni, akapata degedege la kifafa cha mimba, akaanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Ratiba mnaijua, gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye makalio tano kila upande, halafu gramu 5 kila baada ya saa nne kwa kubadilisha upande mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililochelewa. Na kabla ya kila dozi unaangalia vitu vitatu, pumzi zisiwe chini ya 16, refleksi ya goti iwepo (goti likigongwa mguu uruke), mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Niliikariri vizuri sana hiyo. Swali lilitoka kwenye mtihani nikapata maksi zote.

Nikaachiwa mimi nimuangalie. Mwanzoni nilihesabu kweli, 20, baadaye 18. Halafu leba ikachangamka, wakaingia akina mama wawili kwa mpigo, mmoja kichwa kinaonekana, nikaitwa nishike taa, nilete gauzi, nikimbilie oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, kwenye friji, na kusema ukweli nilifurahi kuitwa maana logibuku yangu, daftari la kusainiwa kazi tulizofanya, ilikuwa tupu upande wa uzalishaji. Mama wangu nikamsahau. Niliporudi nikamkuta kalala, katulia, nikajisemea afadhali amepumzika maana kateseka. Chati ina visanduku viwili vitupu. Nikachukua kalamu nikaandika 18, na cha pili 18. Refleksi, ipo. Mkojo nikautupia jicho kwa mbali, nikaona mfuko una kitu ndani, nikakadiria. Sikumgusa hata mkono.

Ule utulivu ndio ulikuwa hatari yenyewe. Magnesiamu inatolewa na figo, na figo za mama mwenye kifafa cha mimba mara nyingi haziko sawa, mkojo ukipungua dawa inabaki kwenye damu inazidi kupanda, kwanza refleksi inapotea, kisha pumzi zinashuka, kisha moyo. Ukiwa mlangoni unaona mtu aliyelala vizuri.

Muda wa dozi ukafika. Sista wa zamu akaja na sirinji imeshavutwa, akasoma chati yangu. Chati ilimruhusu kuchoma, kila kitu kiko ndani ya mipaka, mwandiko mzuri. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo sisi wanafunzi tuliichukia, tulisema anatudharau, ya kupima upya mwenyewe kabla ya kuchoma dawa yoyote ya hatari. Akaweka sirinji kwenye trei. Akamuita mama kwa jina, mama akafungua macho nusu, ulimi mzito. Akahesabu pumzi dakika nzima, mi nimesimama pembeni. Kumi na moja. Akagonga goti la kulia, hamna kitu. La kushoto, hamna kitu. Akainama akasoma mfuko wa mkojo, kiasi kilichokuwemo ni kile kile nilichokabidhiwa wakati wa kupokea zamu.

Dozi ikasitishwa, oksijeni ikawekwa, daktari akaitwa, kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1, yaani mililita 10 za ile ya asilimia 10, ikaingizwa mshipani polepole. Pumzi zikaanza kupanda. Sista hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Hii 18 umeipata wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niandike nilichofanya kwenye kitabu cha matukio, kwa mkono wangu, halafu nirudi nikae na yule mama mpaka asubuhi. Nikakaa. Nilihesabu kila pumzi usiku ule.

Mama alipona, akaruhusiwa na mtoto wake. Siku anaondoka alinishika mikono akanishukuru kwa kukaa naye, hakuwa anajua. Mi sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Hilo linaniuma hadi leo, pengine kuliko kalamu yenyewe.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki, ningeviacha vile visanduku vitupu ingekuwa salama zaidi. Kisanduku kitupu kinamuita mtu, sista akikiona atauliza, atakemea, lakini atakwenda kitandani. Namba ya uongo inamwambia kila mtu abaki alipo. Kwa hiyo jifunzeni kusema "Sista, sijapima bado." Utafokewa, sawa, dakika mbili zinapita. Mi mwanafunzi akiniambia hivyo naweza nikakunja uso lakini moyoni namuweka kundi la watu ninaoweza kuwaachia mgonjwa.

Na mkiona sista anapima upya mlichopima nyie, msinune. Simameni pembeni muone anavyofanya.

4. Patografu inajazwa mama akiwa kwenye uchungu. Inaonekana ni jambo la wazi, basi subirini. Juzi nimeshika patografu, mtoto kazaliwa saa nne na dakika tano asubuhi, na chati inaonyesha saa nne na nusu mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ni 140. Dakika ishirini na tano mtoto yuko kifuani kwa mama ananyonya, huku mwenzenu bado anamsikiliza kwa fetoskopu! Nikamuita mwenyewe, kijana mzuri tu, mpole, akasema alichelewa kujaza akawa anafuata mistari.

Hivi mnajua ile kitu ilikuja kwa nini? Madaktari Philpott na Castle, 1972, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichukua mchoro wa njia kufunguka aliouanzisha daktari Friedman miaka ya 1950 wakauwekea mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, saa nne katikati. Zile saa nne ni muda wa kumtoa mama kwenye kituo kisicho na upasuaji na kumfikisha penye upasuaji kabla mambo hayajaharibika. Ukichora baada ya mtoto kuzaliwa, mstari utapita pazuri siku zote maana unajua mwisho wa hadithi. Hata mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020, ule ulioondoa mistari hiyo miwili na kuhesabu uchungu ulioshika kasi kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, nao unataka uandike palepale, na kila ukiona kitu kiko nje ya kawaida useme umefanya nini. Moyo wa mtoto kila nusu saa au chini ya hapo, mama akianza kusukuma kila dakika 5. Mikazo weka mkono tumboni dakika 10 nzima, usimuulize mama "umesikia mangapi", ana kazi yake ya kufanya.

5. Apgar, zile alama za hali ya mtoto anapozaliwa, sio zawadi ya kumpongeza mama. Watoto wa leba yetu wote ni 9 na 10. Daktari Virginia Apgar alikuwa mtaalamu wa usingizi na ganzi, 1952 akatoa vile vipengele vitano, kila kimoja 0 mpaka 2, ili watu waache kumtazama mtoto kijuujuu na kusema "yuko sawa". Mtoto mwenye mikono na miguu ya bluu dakika ya kwanza hawezi kupata 10, na wengi wako hivyo dakika ya kwanza, ni kawaida, andika 9 usiogope. Kubwa zaidi, usisubiri kujumlisha maksi ndio umsaidie. Asiyelia na kupumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo anatakiwa awe anapewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo jaribu mfuko na barakoa kabla mama hajaanza kusukuma. Nimeshaona mtu anatafuta barakoa ya mtoto kwenye droo huku mtoto kalegea, ile sauti ya droo kufunguliwa na kufungwa sitaki kuisikia tena.

6. "Damu kiasi cha kawaida" sio kipimo. Futeni hilo neno kwenye ripoti zenu. Jicho linatudanganya wote, mkubwa kwa mdogo. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulilinganisha hospitali zilizokuwa zinakadiria kwa macho na zile zilizoweka shuka lenye alama za mililita chini ya mama pamoja na kifurushi cha matibabu yote kwa pamoja. Za macho ziligundua kama nusu tu ya akina mama waliovuja damu nyingi. Zenye shuka la kupimia, asilimia 93. Na kutoka damu kupita kiasi pamoja na madhara yake makubwa kukapungua kwa asilimia 60. Masaji ya tumbo, oksitosini, traneksamiki asidi ya kusaidia damu igande, dripu, kumkagua mama chanzo kiko wapi, hivi vyote mnavisoma darasani na mnavijua, ila kama hukupima damu hutajua saa ya kuvianza. Huna shuka la alama, tumia bakuli, pima gauzi na pedi kwenye mizani, fanya chochote chenye namba.

7. Haraka haraka. Oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ila papasa tumbo kwanza usije ukamchomea mama mwenye pacha bado ndani. Oksitosini inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, sio dirishani. Andika 0.5 usiandike .5, nukta ikififia umempa mara kumi. Dripu ya mililita 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, fanyeni hesabu hiyo mpaka mkiamshwa usiku mnaijibu. Kuleni kabla ya zamu. Mgonjwa mwambie jina lako.

8. Logibuku. Hapa najua wengi mtanuna. Ile biashara ya kuzunguka wiki ya mwisho na logibuku mkiwaomba masista "nisainie tu hizi tatu, sista, nilikuwepo", iacheni. Kuwepo ulikuwepo, umesimama nyuma ya watu sita unaona kisogo. Sisemi hivyo kwa kuwaonea, vyuo vinachukua wanafunzi wengi na leba ni ile ile, kwa hiyo uzalishaji haugawanyiki sawa, na hilo wakubwa wanatakiwa walitatue. Lakini upande wako kuna la kufanya. Ukiona katikati ya muhula una mbili wakati wenzako wana kumi, nenda kwa mkufunzi mapema umwambie wazi, omba shifti za usiku na wikiendi, leba haina wikiendi na wanafunzi siku hizo ni wachache. Omba upangwe na mkunga mmoja umfuate zamu yake yote, akikuzoea atakuachia mikono. Na ukikosa bahati ya kuzalisha usiku huo, kaa na mama aliye sentimita 4, msugue mgongo, sikiliza moyo wa mtoto, hesabu mikazo, andika ulichosikia. Akifika kumi wewe ndiye atakayekutaka usimuache, na mkunga akiona hivyo atakupisha usimame mbele.