Mwalimu, foleni ndiyo inayowatisha

Pole na kazi, mwalimu. Umesema wasichana wako wa darasa la tano hapo Tukuyu huanza kulia kabla hata ya kuguswa, siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwanza vunja hiyo foleni: anayesubiri asimwone mwenzake akichomwa. Mwoga zaidi atangulie, kusubiri ndiko kunakomtesa. Kwa baridi ya huko, sweta zivuliwe mapema, mwanafunzi akae, mkono uning'inie umelegea. Msuli uliokazwa huuma zaidi. Tafadhali usimwambie "haiumi", hatakuamini tena. Mwambie itauma kidogo, akohoe sindano inapoingia. Wanywe uji kwanza, na wakishachomwa wakae dakika 15, hasa aliyewahi kuzimia. Waambie pia: tangu 2024 ni dozi moja tu.