Potwe pajani, Kilimia kisogoni

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Kama ungechorwa tatuu ya nukta tupu, ungeiweka wapi mwilini, na ungechora nini?" Jibu langu fupi ni pajani, upande wa nje, na mchoro ni papa potwe. Nina jibu refu pia, maana kazi hii ndiyo inayonilisha hapa Dar es Salaam, na kabla yake nilikuwa nikiwapaka maharusi hina na piko kule Tanga.

Kwa asiyeijua, tatuu ya nukta haina mstari wala rangi ya kujaza. Kuanzia ukingo hadi kivuli, vyote ni vitone vya wino mweusi vilivyopigwa kimoja kimoja, kwa mashine au kwa sindano ya mkono. Panapotakiwa giza nukta husongamana, panapotakiwa mwanga huachana. Mtindo huu ulivuma Ulaya kupitia wachoraji wa London kama Xed LeHead, lakini nukta kwenye ngozi ya Afrika ni za kale mno. Amunet, kuhani wa kike wa mungu Hathor huko Misri, alizikwa Deir el-Bahari miaka 4,000 hivi iliyopita. Maiti yake ilipopatikana mwaka 1891 ilikuwa bado ina safu za nukta na vistari tumboni, mapajani na mikononi. Mtafiti Mwingereza, Joann Fletcher, ameeleza kwamba huenda zile za tumboni zilikuwa kinga ya mjamzito: tumbo likikua, nukta zinafunguka zikawa wavu unaolifunika lote. Kama ni kweli, aliyemchora alianza kwa kuufikiria mwili. Wateja wangu wengi huja na picha kwenye simu, ndipo wanaanza kutafuta pa kuiweka.

Na picha zenyewe karibu zote ni za ngozi ya Mzungu. Wino wa tatuu hukaa kwenye ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili chini, na melanini, ile rangi inayotufanya weusi, iko kwenye ngozi ya juu. Kwa hiyo sisi weusi tunautazama wino wetu kupitia rangi, kama mtu anayeangalia picha akiwa amevaa miwani ya jua. Wino wa kijivu, ule mweusi uliochanganywa na maji ambao wengi hutilia kivuli, hufifia haraka machoni. Wino mweupe ndio kabisa, ukishapona unabaki na umanjano au hauonekani. Nukta zinaukwepa mtego huo kwa sababu kivuli chake hakitokani na wino hafifu. Kila nukta ni nyeusi tii, kinachobadilika ni nafasi kati yake. Ndiyo maana nasema mtindo huu unatufaa sisi kuliko hao walioutangaza.

Ila uheshimiwe. Nukta ndogo kama vumbi zilizobanana, zinazopendeza kwenye mkono wa binti wa Oslo, kwenye mkono wangu zitakuwa doa baada ya miaka michache, kwa sababu nukta hutanuka kidogo kadiri muda unavyokwenda. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia panya, kwamba wino unakaa ndani ya seli za kinga. Seli ikifa inauachia, seli nyingine inaudaka. Mimi huacha kati ya nukta na nukta nafasi isiyopungua upana wa nukta yenyewe, na kwa mteja mweusi sana naongeza. Nukta ziwe kubwa, ziwe chache, na ngozi iachwe ifanye kazi ya mwanga.

Hapo ndipo potwe anapoingia. Wenyeji wa Mafia wanamjua: samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo wa rangi ya mawe, madoa meupe toka kichwani hadi mkiani. Ukimchora kwenye ngozi nyeusi huhitaji tone la wino mweupe. Unatia giza pembeni kwa nukta nzito, unaacha madoa kama viduara vya ngozi tupu, na anatokea mwenyewe. Kuna jambo lingine linalonifurahisha. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, na wanasayansi huwatambua mmoja mmoja kwa kupiga picha ubavu nyuma ya matamvua, kisha kompyuta inalinganisha madoa kwa mbinu iliyobuniwa na wanaastronomia kulinganisha picha za nyota. Yaani mtu anaweza kumbeba potwe fulani hasa, si potwe tu. Paja linamfaa kwa sababu ni pana, ngozi yake haikunjwi sana na halipigwi jua kila siku. Anayetaka kwenda kuogelea nao Mafia, msimu unafunguka Oktoba hivi, basi achorwe mapema. Tatuu mbichi haiingii baharini kwa wiki mbili tatu za mwanzo.

Ndugu yake wa nchi kavu katika ufundi huu ni kanga, yule ndege. Unyoya mmoja wa kanga, mweusi wenye viduara vyeupe, ulazwe kwenye kigasha kuanzia karibu na kiwiko kushuka. Kigasha ndipo ninapowashauri wanaoanza: ngozi tulivu, maumivu ya kustahimilika, na mwenye nayo anaiona bila kioo. Chui naye huombwa sana, ila wengi hunionyesha duma. Madoa ya duma ni vitone vilivyojaa, ya chui ni maua yenye kitovu kitupu, na hiyo ya pili ndiyo inayotoka vizuri kwa nukta.

Sasa bega na kifua. Mtandaoni ndiko kunakojaa yale maua makubwa ya duara, na kweli bega linalipokea duara bila ubishi. Lakini katikati ya kifua, mabegani na mgongo wa juu ndiko pia keloidi hupenda kuota, yale makovu yanayovimba na kuvuka mipaka ya kidonda, na watu wenye asili ya Afrika huyapata zaidi. Kabla sijamgusa mtu bega namuomba anionyeshe mwili wake ulivyowahi kupona. Matundu ya masikio yalifanyaje? Kovu la chanjo ya kifua kikuu likoje? Chale alizochanjwa utotoni, kama alichanjwa, zimelala au zimetuna? Na mama yake, na dada zake? Kama kuna uvimbe popote, namwambia aachane na tatuu, si kifuani tu, hata pengine, na aende kwa daktari wa ngozi akitaka rai ya pili. Wapo wanaonuna. Mimi nalala vizuri.

Kwa kiwiko na goti nina mchoro mmoja ninaoupenda kuliko yote ya vitabuni. Nendeni ufukweni mkaokote gamba la yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu inayochoma waogeleaji, likiwa limekauka na miiba imedondoka. Litazameni kwa juu. Safu za vijinundu zinatoka katikati, zimegawanyika mara tano, kubwa karibu na tumbo na ndogo kuelekea kileleni. Likiwekwa kwenye ncha ya kiwiko linazunguka mfupa lenyewe. Ngozi ya hapo ni nene na ina mikunjo, hivyo nukta ziwe za sindano nene kidogo, na mteja ajue atarudi kuongezwa.

Mbavuni panauma, sitawadanganya, na mtu anapumua huku unachora. Kwa mstari mrefu hilo ni tatizo, kwa nukta si kubwa, kwani nukta moja ikienda kando hakuna atakayejua. Kuti la mnazi linafuata mbavu vizuri: uti wake mzito kwa nukta, halafu kila jani lipungue hadi ncha iishe kwenye ngozi. Mgongo wa chini na shavu la mguu napenda mbuyu, shina nene lenye makunyanzi ya kivuli, matawi machache.

Vidogo je? Kisogoni, chini kidogo ya nywele, Kilimia. Nukta sita, maana macho ya wengi huona nyota sita, moja iwe kubwa kuliko wenzake, basi. Bibi zetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mkulima atakielewa bila maelezo. Kwenye kifundo cha mguu, mtali wa nukta: safu tatu, ya kati nzito, ikizunguka juu kidogo ya mfupa ili kiatu kisiisugue. Kikuku cha mkononi vilevile, ila kiwe mbali na mikunjo ya kiganja kwa upana wa kidole, kwa sababu ngozi inayokunjwa kutwa hula wino.

Wapo wanaoniomba michoro ya uso ya Kimakonde kwenye mkono. Ile haikuwa ya nukta. Ilikatwa kwa kisu, mistari ya pembe na misumeno, kisha ikasuguliwa masizi, na ilimtambulisha mtu kwa watu wake. Mmakonde akija kutaka ya babu yake tutazungumza. Mwingine nitampeleka kwenye gamba langu la baharini.

Vidoleni, viganjani na nyayoni sichori. Aliyewahi kupaka hina atashangaa, kwani hina hukolea kuliko popote kwenye kiganja na wayo. Sababu ni ileile: ngozi ya juu ya pale ni nene. Hina inapaka hiyo ngozi ya juu, hivyo unene ni faida yake. Wino wa tatuu unatakiwa upite chini yake, na nukta huishia kutoka au kusambaa.

Vijana wanaotaka kuajiriwa na Jeshi la Polisi Tanzania wasome matangazo ya ajira kabla ya kuja kwangu. Sharti la kutokuwa na michoro mwilini limo, na kwenye usaili wa afya mwili unaweza kukaguliwa, hivyo "nitaiweka pajani haitaonekana" haisaidii. Usafi sitauongelea sana, ila sindano ifunguliwe mbele yako, na wino umiminwe kwenye kikombe kipya, usirudishwe chupani. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, na kwenye meza kavu hakionekani.

Najua pia wasomaji wengi wa Pwani hawataki tatuu kabisa kwa sababu ya dini. Michoro yote niliyoitaja, isipokuwa ya kivuli kizito, inatoka kwa hina. Na hata anayetaka tatuu namwambia aanze hapo: apakwe hina mahali palepale, ukubwa uleule, akae nayo wiki mbili mpaka ififie. Avae nguo zake za kawaida, akae, asimame, anyanyue mkono, aone duara linavyogeuka yai akikunja kiwiko. Iwe hina ya majani, si ile piko inayochanganywa na rangi ya nywele. Ile ina kemikali inayowababua baadhi ya watu mpaka malengelenge, na mwenye malengelenge simchori hadi ngozi yake ipone kabisa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam