Kupaka ubao wa maji rangi inayofunika na kung'aa: kwa wanaoanza kazi hii Goma

Anayeshika burashi mara ya kwanza hutaka rangi moja ifanye kazi tatu: izibe mti, ifiche mistari yake, kisha ing'ae. Haiwezi. Kuziba ni kazi ya resini (hapa ni epoksi, majimaji yanayogumu yakichanganywa na kigumishi), kufunika ni kazi ya rangi iliyopakwa nyembamba mara kadhaa, na mng'ao unatoka kwenye msasa na tabaka la mwisho. Ukizitenganisha hizo tatu, ubao utakuwa mzuri hata kama vifaa vyako ni vichache. Ukizichanganya, hata rangi ya bei kali itakuharibikia.

Ziwa Kivu halina mawimbi ya bahari, kwa hiyo ubao unaofaa hapa ni ule wa kusimama na kupiga kasia. Ujenzi ni uleule wa mbao za kutelezea mawimbi ya bahari: mifupa ndani, vipande vyembamba vya mti juu na chini, uvungu katikati, halafu kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita moja ya mraba kinatosha. Mti uwe mkavu, unyevu usizidi asilimia 12. Sipresi ni nyepesi na inashika gundi vizuri. Mikaratusi tuwaachie wachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo: ni mizito, na inapinda ikikauka.

Jambo moja lieleweke mapema. Vanishi ya uwazi inasamehe, kwa sababu macho yanafuata mistari ya mti. Rangi nzito yenye mng'ao haisamehi: inaonyesha kila bonde na kila mkwaruzo, na nyeusi au buluu iliyokoza ndiyo inayosema zaidi. Kwa hiyo usichague rangi ili kuficha kazi mbaya ya randa. Maungio yaliyojazwa yatafichika, lakini uso usio sawa utaonekana kutoka mbali. Kabla ya kupaka, weka taa chini pembeni ya ubao usiku na utazame vivuli. Panapovimba, piga msasa kwa kipande cha mbao kirefu cha sentimita 30 hivi. Vidole peke yao vinachimba mabonde mapya.

Epoksi ya kwanza ipakwe alasiri, hewa inapoanza kupoa. Ukipaka asubuhi, jua linapanda, hewa iliyo ndani ya mti inatanuka na kutoka kupitia resini, na utapata vitundu vingi visivyozibika kirahisi. Mchana ukiisha, mti unavuta hewa ndani pamoja na resini. Shida ni kwamba usiku wa Goma unashuka mpaka karibu digrii 15, na epoksi nyingi zikifika hapo zinagumu polepole sana. Hapo ndipo wengine huleta mbabula (jiko la makaa) ndani ya karakana. Usifanye hivyo. Makaa yanatoa hewa ya sumu inayoua mtu bila harufu, moto karibu na dilyani (kimiminika cha kuyeyushia rangi) ni hatari, na moshi wake unaongeza unyevu na hewa ya ukaa vinavyoharibu uso wa epoksi. Afadhali weka makopo yaliyofungwa ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya, na utumie kigumishi cha haraka, kile ambacho kopo lake limeandikwa durcisseur rapide.

Epoksi iliyogumu kwenye baridi na unyevu hutoa utando wa mafuta juu yake. Hauonekani vizuri, lakini kidole kinausikia. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sponji ngumu ya vyombo, kausha kwa kitambaa safi, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausukuma utando ndani ya mikwaruzo, na rangi itajikusanya na kuacha vidoa vitupu. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi za wanaoanza msimu wa mvua, na wengi wao hulaumu rangi.

Sasa rangi yenyewe. Njia ya kwanza ni kuitia ndani ya epoksi. Tumia rangi ya ujiuji iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi, kiasi cha asilimia 5 ya uzito, isipokuwa kopo liseme vingine. Ukizidisha, resini inabaki laini. Rangi ya maji ya ukutani haifai kabisa. Changanya rangi kwenye resini kabla ya kigumishi, na uchanganye mara moja kiasi chote cha pande mbili, kwa maana rangi ya kesho haitafanana na ya leo. Mfano: upande mmoja wa ubao wa futi 10 una kama mita 2 na zaidi za mraba, na gramu 400 za mchanganyiko zinatosha kwa tabaka moja. Kwa epoksi ya uwiano wa 100 kwa 50 kwa uzito, pima resini gramu 540, tia rangi gramu 40, koroga dakika 5 ukikwangua kuta za kopo. Siku ya upande wa kwanza chukua gramu 290 za hiyo. Ndani yake resini ni 270, kwa hiyo kigumishi ni 135. Anayepima nusu ya 290 anaweka 145, yaani anazidisha, na uso unabaki na kunata. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.

Njia ya pili, ambayo tunaipendekeza kwa anayeanza, ni rangi ya poliuretani ya makopo mawili, ile ya mafundi wa magari. Inauzwa kwenye kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za mtaa wa Birere. Epoksi ikishagumu, ioshe, piga msasa namba 120, kisha 220, kisha 320, mpaka pasibaki hata doa linalong'aa, maana doa linalong'aa ni mahali ambapo rangi haitashika. Paka praima, yaani rangi ya msingi, nyeupe au ya kijivu. Njano na nyekundu hazifuniki vizuri peke yake: njano ikae juu ya nyeupe, nyekundu juu ya kijivu hafifu. Halafu tabaka tatu nyembamba kwa rola ndogo ya sponji, ukifuata na ncha ya burashi ya sponji isiyobonyezwa, kuelekea upande mmoja. Tabaka la kwanza litaonekana bovu, praima bado inachungulia. Liache hivyo. Anayelirudia ili kulifunika papo hapo anapata machozi ya rangi pembeni, na machozi yanakula siku mbili za msasa.

Usipulize poliuretani hiyo kwa bomba ukiwa na kitambaa tu usoni. Kigumishi chake kina isosianati, na mvuke wake ukiingia mapafuni unaweza kuleta pumu isiyoondoka. Kwa rola, fungua milango, vaa glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke.

Rangi ya mafuta ya kawaida ni rahisi, na juu ya mtumbwi wa wavuvi inatosha kwa kuwa hupakwa upya. Juu ya epoksi mbichi inaweza kunata siku nyingi, na mawe makali ya lava ufukweni yatairarua haraka.

Vumbi jeusi la barabara zetu ni adui mwingine, nalo ni gumu kama msasa. Mwaga maji sakafuni saa moja kabla, funga dirisha la upande wa barabara, pangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uvae nguo isiyo na manyoya. Chembe ikianguka kwenye rangi mbichi, iache. Itatolewa baadaye kwa msasa 1000 wa maji.

Epoksi tupu isiwe tabaka la mwisho. Goma iko karibu na mita 1,500 juu ya bahari, kusini kidogo tu ya ikweta, na mionzi ya jua hapa inaichakaza epoksi mpaka inageuka njano na kutoa unga. Maliza kwa poliuretani ya uwazi yenye kinga ya jua, tabaka mbili. Ngoja siku 7, piga msasa wa maji 1000, 1500 na 2000, kisha sugua kwa dawa ya kung'arishia magari. Kwenye kingo punguza mkono, maana hapo rangi ni nyembamba na utatokea kwenye praima kabla hujajua.

Kuhusu nyeusi: inapendeza, lakini juani inashika joto mpaka epoksi iliyogumia karakanani inaanza kulegea, na hewa ya uvungu inatanuka na kusukuma maungio. Tangu Tom Blake wa Marekani alipopewa hataza ya ubao wenye uvungu mwaka 1932, hewa na maji ya ndani vimebaki shida ya mbao za aina hii. Weka skrubu ya kupumulia juu ya ubao, karibu na nyuma, toboa tundu lake kabla ya rangi, na uzibe kingo za tundu kwa epoksi ili maji yasiingie chini ya rangi. Ifungue kila ubao unapotoka majini, na zaidi ukiusafirisha kwa ndege au kuushusha kwenda mahali pa chini. Rangi iliyobaki ihifadhi bila kigumishi, kopo limefungwa vizuri, uwiano ukiandikwa juu ya kifuniko: itakufaa kwenye viraka.