Wito wako huenda wenzako wameshauona

Vijana wengi wa kanisani kwetu huku Masasi wakizungumzia wito huwa wanazungumzia mimbari. Kwa mawazo yao, aliyeitwa ni yule aliyeota ndoto au kusikia sauti usiku, akaacha jembe na kwenda chuo cha theolojia, au, kama ilivyo siku hizi, akaanzisha huduma yake mwenyewe chini ya turubai. Asiyepata ndoto wala sauti hujihesabu kuwa mtu wa kukaa kwenye benchi na kutoa sadaka. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho na ni mzee wa kanisa, na ninachoweza kumshauri kijana wa namna hiyo ni kwamba aanze kwa kuwatazama watu wanaomjia na yale wanayomwomba, kwa kuwa wito wangu mimi ulionekana kwa wenzangu kabla haujaonekana kwangu.

Karani wa chama cha msingi hupima korosho, hujaza stakabadhi, na baada ya mnada humweleza mkulima kwa nini fedha aliyolipwa si ile aliyoipigia hesabu kichwani, kwa sababu kuna makato yanayotangulia. Maelezo hayo huzaa mazungumzo mengine. Mjane aliyekuja kuuliza makato hubaki akieleza habari za mikorosho inayodaiwa na ndugu wa marehemu mumewe. Mjomba na wapwa wanaogombea shamba, jambo ambalo si geni kwetu tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, huomba mtu wa kukaa nao ambaye hana fungu katika shamba hilo. Sikusomea usuluhishi. Nilisikiliza, nikaandika maneno ya kila upande, kisha nikawasomea mpaka kila mmoja akakubali kwamba ndivyo alivyosema, na mara nyingi ugomvi ulipungua makali hapo hapo, kabla hata ya uamuzi wowote. Wakati huo maombi yangu yalikuwa kwamba Mungu anipe karama ya kuhubiri. Padri wetu ndiye aliyenieleza kwamba watu wa mtaa wanaposhindwana hulitaja jina langu, naye akaniomba, pamoja na wazee wengine, niichukue kazi ya upatanishi kuwa utumishi wangu kanisani.

Nilipoyarudia Maandiko baada ya hapo, niliona kwamba jambo hili halikuwa geni. Katika Matendo ya Mitume sura ya 13, Roho Mtakatifu anasema na kanisa la Antiokia likiwa katika ibada na kufunga, na ni kanisa hilo linalowawekea Barnaba na Sauli mikono na kuwaruhusu waende. Kijana Samweli alisikia sauti kweli, lakini hakujua ni ya nani. Mara tatu alimkimbilia Eli, na ni mzee huyo, pamoja na udhaifu wote wa nyumba yake, aliyetambua kwamba Bwana ndiye anayemwita mtoto. Bezaleli, katika Kutoka sura ya 31, anajazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Naye Paulo, anapoorodhesha karama katika 1 Wakorintho 12:28, anataja masaidiano na maongozi katika orodha ile ile yenye mitume, manabii na miujiza, ingawa sijawahi kuona mkutano wa injili ulioitishwa ili watu waombewe karama ya masaidiano.

Historia ya huku kwetu nayo inasema hivyo. Masasi ya Kikristo ilianza mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, alipofika na kundi la watumwa waliokombolewa ambao nia yao ilikuwa kurudi makwao upande wa Ziwa Nyasa. Wakakaa hapa, wakajenga na kulima, na kanisa likasimama juu ya maisha yao. Miongoni mwa waliokombolewa utumwani alitoka pia Cecil Majaliwa, Myao aliyepewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali. Kwa hiyo sisemi kwamba mimbari si wito. Ninasema kwamba mimbari yake ilisimama katikati ya watu waliokuwa wameitwa kwa jembe. Hata Ndanda, kwa watawa wa Kikatoliki wa Kibenediktini, bruda, yaani mtawa asiye padri, anayeshinda karakana ameweka nadhiri zake za kitawa sawasawa na padri wa altareni.

Mahali ninapowaomba vijana wakae kwa muda mrefu zaidi ni Marko sura ya 5. Yule mtu aliyetolewa pepo katika nchi ya Wagerasi aliomba afuatane na Yesu, na ombi hilo ni jema kuliko mengi tunayoomba, lakini alikataliwa. Aliambiwa arudi nyumbani kwa watu wake awaeleze mambo Bwana aliyomtendea. Kijana wa Newala au Nachingwea anayeamini kwamba wito wake hauwezi kuanza mpaka afike Dar es Salaam anapaswa kulipima wazo hilo mbele ya sura hiyo. Wako wanaotumwa mbali, na Abrahamu ni mmoja wao, lakini umbali peke yake hauthibitishi kwamba mtu ametumwa.

Kwa upande wa vitendo, waulize watu watatu au wanne wanaokufahamu vizuri, akiwamo mmoja asiyekuogopa, ni jambo gani wanalolikimbiza kwako linapowafika. Kisha lifanye jambo hilo kwa msimu mzima bila cheo. Huku kwetu moyo wa kutumika hupanda wakati fedha za korosho zinapoingia, na mikutano huwa mingi. Kipimo cha kweli ni miezi ya mvua, chakula kimepungua nyumbani na hakuna wa kukushukuru, nawe bado unakwenda kumtazama mgonjwa au kumfundisha mtoto wa jirani kusoma. Anayekuambia kwamba atakufunulia wito wako ukitoa kwanza sadaka maalumu, muage kwa adabu na uende zako.

Usiache kazi inayokulisha kwa haraka, kwa maana Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho. Zungumza pia na mwenzako wa nyumbani kabla ya kuzungumza na kamati. Mke wangu ndiye anayewapokea watu wanaokuja kwetu jioni na mashauri yao, na ni yeye aliyeweka masharti kwamba Jumapili baada ya ibada hakuna shauri litakalosikilizwa nyumbani. Wazee wameyakubali, na watu wameshazoea kuja Jumatatu.